"Si muupe?"

Jumapili Mama aliniuliza kwenye simu kuhusu ule mmea wangu wa shina tupu, ule niliowaonyesha picha yake mwezi uliopita. Hautoi maua. Shina linapanda jembamba, limechongoka kama sindano, basi.

"Mmea umekosa nini?"

"Homoni, Mama. Oksini."

"Basi si muupe?"

"Si rahisi hivyo."

Akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu, nyie ndio wasomi."

Tangu hapo sina raha. Jumatano pendekezo langu la utafiti lilipita, Alhamisi Rehema katuaga kazini, na yote hayo yamepita nikimsikia Mama tu. Nyie ndio wasomi.

Nilimjibu vibaya mara mbili. Kwanza, kasoro ya mmea huo ni ya kusafirisha oksini. Katika mmea wenye afya, protini iitwayo PIN1 hukaa upande mmoja wa seli kama mlango. Oksini hutoka kupitia hapo ikaingia seli ya jirani, na ya jirani hivyo hivyo, mpaka ikakusanyika mahali pamoja karibu na ncha. Pale ilipojaa ndipo kivimbe huota, kije kuwa jani au ua. Nacho huivuta oksini ya karibu, ndiyo maana kinachofuata huota mbali nacho. Mmea wangu hauna mlango huo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, swali la Mama lilishafanyiwa jaribio. Mwaka 2000 Didier Reinhardt na wenzake walipaka oksini ubavuni mwa ncha tupu kama hii, ua likaota palepale walipopaka. Mama aliuliza jambo la msingi kabisa, mimi nikamkatiza.

Jumatatu nami nilipaka. Tone dogo la mafuta mazito yenye oksini, kwa ncha ya waya, mkono ukitetemeka. Leo asubuhi nikaweka jicho kwenye hadubini: kivimbe cha kijani kilichopauka, kimetuna ubavuni kama chunusi changa. Kimoja tu, palepale. Nilikitazama mpaka machozi yakanilengalenga.

Nikampigia hapohapo.

"Mama, tumeupa."

"Umekubali?"

"Umekubali, Mama!"

Akacheka kile kicheko chake kirefu. Ila katikati ya kicheko akakohoa, akakohoa tena. Nilipomuuliza akasema ni vumbi. Jumapili pia alisema ni vumbi.