Sala ya Babu, Nusu na Nusu

Jumapili iliyopita, padri alipotangaza kwamba sadaka sasa inaweza kutumwa kwa simu, mwanangu wa mwisho akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka viti vya mbele: "Kwani ataona umetuma ngapi?" Watu wakacheka. Tulikuwa Mkunazini, mjini Unguja, kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, kwa hiyo habari ya fedha pale si ngeni. Sikumjibu. Mawazo yalishanipeleka Wete, kisiwani Pemba, kwa Babu, msimu wa karafuu.

Ulikuwa mwaka wa neema. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na ikizaa kweli, Pemba hakuna anayelala mapema. Mchana kuchuma, usiku kuchambua.

Tulikaa kwenye jamvi, karabai katikati. Unashika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinaingia weusi usiotoka kwa sabuni. Bibi alitushinda wote kwa kasi, na hakuwa akitazama mikono yake. Alitazama watu.

Akapiga hodi jirani yetu mmoja. Simtaji, wajukuu zake wanasoma hapa. Akaketi, akauliza hali za watu na za mbuzi, akapewa kahawa. Kisha akatoa bunda la noti akaliweka jamvini, juu ya karafuu mbichi. Bei hakuisema. Hata sisi watoto tulijua: magunia yaliyokwisha kukauka yatoke usiku huo huo kwa njia ya pwani, yavuke kwenda Mombasa, ambako mnunuzi alitoa zaidi ya Shirika, lile la serikali linalonunua karafuu. Bei ya Shirika enzi zile ilikuwa ya kukatisha tamaa. Mpaka ilipopandishwa mwaka 2011 ndipo magendo yakapoa.

Lile bunda lilifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Noti za juu zilikuwa zimelegea kwa kushikwashikwa, na zilinuka samaki. Sijapata kuona fedha nyingi namna ile mahali pamoja, nikajongea. Babu, ambaye alikuwa mwalimu wa dini, akalitazama muda mrefu. Halafu ikatoka ile sauti yake ya kanisani: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Mithali 30. Akalisukuma bunda kwa kidole kimoja, polepole, karafuu zikilipisha njia, mpaka likamgota mwenyewe gotini.

Jirani hata hakununa. Alimaliza kahawa yake, akaaga.

"Sala hiyo weye unaijua nusu," Bibi akasema, mikono haijasimama. "Utajiri ushamwambia Mungu asikupe. Na umaskini je, ushamwambia?"

Babu kimya. Baada ya kitambo akasema, kama anayezungumza na karabai, "Na KMKM wanazunguka usiku kucha." Ndicho kikosi cha kuzuia magendo. Hapo ndipo aliponivuruga, na sijatengenea mpaka leo. Alimcha Mungu, au aliogopa boti ya doria?

Karafuu zikaenda Shirika. Tukapata sare za shule, deni la dukani likalipwa, mabati hayakufika. Jirani aliezeka yake. Nikamngojea Mungu amwadhibu, msimu baada ya msimu, na mvua ikinyesha namsikia anavyolala pakavu chini ya bati, sisi tukihamisha sufuria chini ya makuti. Na kila Idi alituletea sinia la pilau, tukalila.

Nimesikia mahubiri mengi ya kuridhika tangu hapo. Paulo alipoandika kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, alikuwa kifungoni, kwa hiyo namwachia aseme. Wengine huwa nasikiliza huku nawaza gari alilokuja nalo mhubiri. Na mimi si afadhali: aya hiyo hunitoka vizuri zaidi mshahara ukishaingia.

Babu alipofariki, wa kwanza kufika alikuwa jirani yule, alfajiri, na mbao za jeneza, na bahasha juu yake. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Bibi akaipokea kwa mikono miwili.

"Leo mzee hana sala ya kukataa," akasema, akaifutika kibindoni.