Chupa ya Mwaka 1989

Nimeamka, nimeoga, nimekunywa chai, na bado nikisogeza viganja puani naipata harufu ya mvinyo wa jana: tumbaku, ngozi ya kiti cha zamani, na kitu kama majani makavu baada ya mvua ya kwanza. Naandika kabla haijaniondoka.

Tulikuwa wanne, meza ya nje, kwenye mkahawa mmoja pale Kololo, Kampala. Mzee wetu alifanya kazi Geneva zaidi ya miaka 20, akastaafu, akarudi kujenga Muyenga. Daktari ni mtu wa Goma. Dada yetu wa Busia ni mlokole, hagusi pombe, lakini hajawahi kukosa mikutano yetu. Na mimi, mwalimu, mtoto wa polisi, niliyelelewa kwenye kota za Nsambya. Kilichotukutanisha ni Kiswahili. Kule kotani ndicho tulichochezea na kugombania maji bombani. Nikienda kwa bibi Masaka, jamaa walinikataza kukisema mezani: kwao kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo kukaa jioni nzima tukitafuta kwa Kiswahili neno la harufu iliyomo ndani ya bilauri ni jambo ninalolithamini kuliko ninavyoweza kueleza.

Chupa 3 za Mzee zilifika mkahawani tangu Jumatano. Alizileta mwenyewe kwa gari, akiyazunguka mashimo ya barabarani polepole kama aliyebeba mgonjwa, kisha akaomba zisimamishwe wima mahali pa baridi zisiguswe. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, ukizeeka, ule ukakasi wake, ule unaokaza ulimi kama ndizi mbichi, hushikamana na rangi, ukawa mzito, ukazama. Hayo ndiyo mashapo. Ukiitikisa chupa yanachafua kila kitu na kinywaji kinakuwa kichungu. Ijumaa usiku mhudumu kijana alimimina kwenye jagi, taratibu, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kwa chini, na alipoona uzi mweusi unakaribia akaacha. Mzee alimpigia makofi. (Ada ya kufungua chupa za kuja nazo tulilipa bila kinyongo. Kijana yule aliistahili.)

Tulianza na Château Figeac ya 1998 (château ni shamba la mvinyo, na mwaka ni wa mavuno). Inatoka Saint-Émilion, upande wa kulia wa mto. Garonne na Dordogne huungana kuwa Gironde, na watu wa huko huugawa ulimwengu wao kwa maji hayo: kushoto changarawe na zabibu za Cabernet Sauvignon, kulia udongo mzito zaidi na Merlot. Figeac iko kulia, lakini imekaa juu ya changarawe, ndiyo maana Cabernet za aina mbili, Sauvignon na Franc, zinachukua sehemu kubwa ya shamba lake. Mwaka 1998 upande wa kulia ulibahatika, kwa sababu Merlot huiva mapema, ikavunwa kabla ya mvua. Ndani ya bilauri ukingo wake ulikuwa umeshageuka rangi ya tofali. Nilipokunywa nilikumbuka bubaala, vile viuyoga vidogo vinavyochipuka karibu na vichuguu, ambavyo bibi alivipika kwa karanga. Daktari akasema yeye anapata waridi lililokauka ndani ya kitabu. Hatukubishana. Vyote viwili vilikuwamo.

Chakula kilikuwa luwombo ya ng'ombe, nyama laini iliyoiva kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, na matoke. Niliwaomba jikoni waache kamulali kabisa. Pilipili inaunyamazisha mvinyo mzee, kwa sababu sauti yake imeshakuwa ndogo. Lile jani la mgomba lilikuwa na harufu ya moshi mwepesi, nayo ikakutana na Léoville Barton ya 1996 kama jamaa wawili waliopotezana. Hii ni ya Saint-Julien, upande wa kushoto. Akina Barton ni ukoo wenye asili ya Ireland, na shamba hilo wanalo tangu 1826. Mwaka 1996 Cabernet za kushoto zilivunwa vizuri sana, na mvinyo ule bado una uti wa mgongo: mnyoofu, mchachu kidogo, hauna haraka. Mimi mwaka uliofuata ndipo nilipoingia darasani mara ya kwanza kama mwalimu, Januari 1997, elimu ya msingi ya bure ilipoanza na watoto wakafurika. Darasa langu lilikuwa na watoto 118. Nimekaa na bilauri ile muda mrefu nikifikiri kwamba wakati mimi napiga kelele juu ya vichwa vile 118, kinywaji hiki kilikuwa kimelala gizani ndani ya pipa, kinajifunza kutulia.

Kwetu kinywaji hakisubiri. Bibi alivumbika ndizi shimoni, zikaiva, wanaume wakazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, akatia mtama, na kesho yake jioni kijiji kizima kipo uani. Siku ya nne ni siki. Wala sioni kasoro: pombe ile ilijua watu wake wako jirani. Lakini Mzee na marehemu mkewe walinunua chupa zile za 1989 wakiwa vijana wenye watoto wadogo, ugenini, bila kujua watazinywa na nani.

Kabla ya hiyo ikafunguliwa ya kwangu. Château Chasse-Spleen ya 2000, kutoka Moulis. Jina lenyewe ni la kufukuza majonzi. Nilizawadiwa na mwenzangu wa kazi aliyekuwa anahama, nikaitunza miaka 9, na niliitunza juu ya friji. Juu ya friji, Kampala, pale mota inapotoa joto lake usiku na mchana. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo na mvinyo umepungua shingoni. Daktari akanusa kwanza, akaiweka bilauri chini kwa heshima. "Mwalimu," akasema, "hii haikufa kwa uzee. Imekufa kwa joto." Ilikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizoungua sufuriani. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Miaka 9 nimekuwa nikiipita kila asubuhi nikisema itafika siku yake, nami ndiye niliyekuwa nikiichemsha.

Mzee hakunipa pole. Aliniongezea luwombo, akamwashiria kijana alete jagi la mwisho.

Lynch-Bages ya 1989. Pauillac, upande wa kushoto. Kiangazi cha joto, mavuno ya mapema. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa mvinyo wa Bordeaux walipanga mashamba kwa madaraja 5 wakifuata bei za sokoni, na Lynch-Bages ikaandikwa daraja la tano. Iko hapo mpaka leo. Badiliko kubwa la orodha ile ni shamba la Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Kama mwalimu, nalionea uchungu jambo hili: matokeo ya mtihani mmoja yanakufuata zaidi ya miaka 160, hata bei yako inaposema mengine.

Sikujua niseme nini juu ya mvinyo ule, basi nikampa dada wa Busia anuse. Aliweka pembeni sharubati yake ya matunda, akafumba macho, akavuta pumzi mara mbili.

"Penseli," akasema. "Penseli imechongwa sasa hivi."

Ndiyo. Mwaka 1989 nilikuwa na miaka 12 katika shule ya kotani, na baba alikuwa anakata penseli moja vipande viwili, kimoja changu, kingine cha kaka. Kila Jumatatu alivichonga kwa wembe, na ile harufu ya mti na risasi ya penseli ndiyo ilikuwa harufu ya wiki mpya. Niliwaambia. Sijawahi kumwambia mtu. Daktari naye akatueleza mwaka wake wa 1989, habari ambazo ni zake na sitaziandika hapa. Tulikunywa kidogo kidogo, na kila baada ya dakika kumi bilauri ilikuwa kitu kingine: mwerezi, kisha matunda meusi, kisha nyama choma ya mbali. Saa tano ya usiku ilianza kufifia nasi tukaiacha ififie. Mzee alikuwa amenyamaza muda wote.

Tulimsindikiza nyumbani. Mvinyo wake anauweka kwenye kabati la baridi la nyuzi 13, lenye betri za sola ili umeme ukikatika lisizime. Alifungua, akatoa chupa mbili, za mwisho za 1989. Kila moja ilikuwa na kijikaratasi shingoni, mwandiko mdogo ulioinama kulia. *Baada ya 2009.* Mkewe ndiye aliyekuwa akipanga. Mwaka 2009 ulipofika walikuwa na shughuli, wakasema mwakani. Alifariki 2014.

"Mwalimu, mwandiko wako unasomeka," akasema, akanipa kalamu. "Andika chini yake. Usifute wa kwake."

Nikamuuliza niandike nini.

"Hii, Krismasi. Ile nyingine, Pasaka. Na muandike nyinyi watatu majina yenu, nisije nikasahau nilimwahidi nani."

Tuliinama juu ya meza ya jikoni, tukaandika.