Zimebaki siku nne, na jedwali langu la ngeli nimelifuta

Zimebaki siku nne tu mafunzo yangu ya Outreachy yaishe. Niko chumbani Sinza, Dar es Salaam, feni inazungusha joto la Machi, na kwenye orodha ya kazi yamebaki mambo mawili. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba nitamaliza.

Kwa asiyeijua, Outreachy ni mpango unaokupa miezi mitatu ya kazi yenye posho kwenye mradi wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha, ukiwa na mshauri wako, bila kuhama nyumbani. Ulianza mwaka 2006 chini ya GNOME, mradi mmoja wa programu huria, ukarudi tena mwaka 2010, ukiwalenga wanawake, na sasa umefunguliwa kwa watu wa makundi mengi ambayo fani hii imewaacha nyuma. Misimu ni miwili kwa mwaka, posho ni dola 7,000, na unatakiwa kufanya kazi saa 30 kwa wiki. Kabla ya kuchaguliwa lazima uchangie kwanza kwenye mradi unaoutaka, ukishindana na waombaji wenzako. Watu huniuliza sana kuhusu hatua hiyo ya kuingia. Kwangu mimi kutoka ndiko kulikuwa kugumu.

Mradi wangu ni programu ya kuorodhesha mali za maktaba ndogo: vitabu, magazeti, ramani, miswada na vinginevyo. Nilipewa kazi ya kuufanya ujumbe wake utafsirike vizuri. Programu ilikuwa inaunda sentensi kwa kuokoteza vipande, jina la kitu huku, idadi pale, kisha neno moja la mwisho linalotumika kwa vitu vyote. Kwa Kiingereza mtindo huo unapita, maana kitenzi chake hapo hakijali kinazungumzia kitabu au ramani. Kwa Kiswahili ilikuwa inatoka "Kitabu 1 imefutwa" na "Magazeti 3 imefutwa". Mdogo wangu yuko darasa la tano. Akiandika hivyo kwenye daftari, anakosa.

Mwezi wa pili wa mafunzo nikaona dawa ni kuifundisha programu ngeli. Nikaandika jedwali: KI-VI, LI-YA, I-ZI, U-I, kila moja na viambishi vyake, na msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kuchagua kiambishi kinachofaa. Ilifika mistari zaidi ya 1,400. Niliipenda ile kazi. Nilikuwa nalala saa nane za usiku, naamka naifikiria. Nikaituma yote kwa mkupuo mmoja.

Ikakaa siku tisa bila kuunganishwa, yaani bila kukubaliwa na kuingizwa kwenye programu yenyewe. Mshauri wangu anaishi Ulaya, hajui Kiswahili hata neno, na hakuikataa. Aliuliza swali moja tu: ukishaondoka mwezi Machi, nani ataitunza hii? Niliumia. Nilijibu kwa maelezo marefu ambayo, nikiyasoma leo, hayakuwa yanamjibu yeye.

Jumamosi moja nilikuwa kibarazani na Mama, anachambua mchele, mimi nasoma kwa sauti sentensi zinazotoka kwenye majaribio. Nilipofika kwenye gazeti akanikatiza.

"Haisemwi hivyo, mwanangu. Gazeti limefutwa."

"Na ramani, Mama?"

"Ramani imefutwa. Zikiwa nyingi, zimefutwa. Kwani hujui?"

Hakutafuta ngeli wala hakuvunja neno. Alikuwa anaisema sentensi nzima kwa sababu anaijua nzima. Mfasiri naye ni hivyo hivyo. Hahitaji programu imkisie viambishi. Anahitaji programu imwachie nafasi ya kuandika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu. Aina zetu ni saba, kila moja ina umoja na wingi, basi ni sentensi kumi na nne. Mtu anazimaliza kabla chai haijapoa. Kwa Kiarabu, ambacho kwenye kanuni za kimataifa za wingi kina maumbo sita, zitakuwa nyingi zaidi, lakini mfasiri wake ataandika anachokijua mwenyewe bila kusubiri mtu wa Sinza amtungie jedwali.

Jumatatu nililifuta jedwali lote. Kisha nikaigawa kazi mpya kuwa mabadiliko sita madogo, kila moja likifanya jambo moja na majaribio yake. La kwanza lilikuwa na mistari arobaini na kitu, likaunganishwa siku iliyofuata. Hapo nilielewa kwamba kilichochelewesha kazi yangu ni ukubwa wa mzigo. Mshauri anajitolea baada ya kazi yake ya mchana. Ukimpa mistari 1,400 jioni, unamwomba akupe wikendi yake. Ningependa mtu angeniambia hili wiki ya kwanza, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Mabadiliko manne yaliyofuata yalikwenda vizuri. La mwisho, umeme ulikatika asubuhi ya siku niliyotakiwa kulituma na betri yangu imechoka. Nilipanda daladala hadi kwa shangazi Mwenge, nikachomeka, nikatuma kwa bando la simu. Kikao chetu cha kila wiki ni saa 14:00 kwa UTC, saa ya kimataifa, kwetu saa kumi na moja jioni. Niliingia kikaoni nikiwa bado kwa shangazi, na nikiwa ndani ya kikao nikaona limeunganishwa. Shangazi alidhani nimepata habari za msiba, kwa jinsi nilivyoshika kichwa.

Mambo mawili yaliyobaki ni haya. Moja ni ujumbe wa wanachama wa maktaba, kwa kuwa watu wana upatanisho wao: mwanachama ameondolewa, wanachama wameondolewa. Hilo nitalimaliza kesho. Jingine ni maelezo ya makabidhiano, na haya nimeyaandika upya mara tatu. Wiki iliyopita mchangiaji mmoja kutoka Kampala aliuliza kama Kiganda, chenye ngeli zake, kitawezekana. Tangu hapo nayaandika nikimfikiria yeye: afungue faili lipi, aanzie mstari upi, ajaribu vipi bila kuniuliza mimi.

Ijumaa ni kikao cha mwisho. Nimemwomba huyo mchangiaji wa Kampala ayafuate maelezo hayo kabla ya hapo, kisha aniandikie ni wapi amekwama.