Elfu hamsini zilizoingia kwenye akaunti ya mtu mwingine

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, mweka hazina wetu akanipigia simu. Ni mama mtu mzima, si kawaida yake kupiga kabla sijafika kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina mwanachama hapa dirishani. Aliweka elfu hamsini Ijumaa, stakabadhi anayo, saini ni yangu. Kwenye kompyuta hazipo."

Zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa kwenye akaunti ya mkulima wa Makambako ambaye Ijumaa hiyo hakuweka hata senti. Alifika tawini kuulizia salio tu. Programu iliyofanya hivyo niliiandika mimi, peke yangu.

Chama chetu ni cha akiba na mikopo, makao yako Njombe mjini. Toleo la kwanza la programu nililiandika kwa lugha ya Java, na madirisha yake kwa Swing, zana ya Java ya kuchora madirisha, likakaa kwenye kompyuta ya mezani ya mama. Chuoni nilikuwa nimefundishwa klasi (ramani ya aina ya kitu), objekti (kitu chenyewe kinachotengenezwa kwa ramani hiyo) na urithi (klasi mtoto kuchukua uwezo wa klasi mzazi) kwa mfano wa Mnyama na Mbwa: mnyama hutoa sauti, mbwa hubweka. Nilifaulu mtihani nikaamini somo limekwisha. Ugumu wenyewe nilikutana nao kwenye mikopo.

Klasi zangu naziita kwa Kiswahili, kwa sababu mama huketi pembeni yangu na nataka asome tunachokubaliana. Nilianza na `Mkopo`, chini yake `MkopoWaDharura` na `MkopoWaElimu`. Kila mtoto alirithi metodi, yaani kazi ambayo klasi inajua kuifanya, iitwayo `rejeshoLaMwezi`. Ikaenda vizuri mpaka wakulima wa viazi walipoomba mkopo wao. Mkulima wa viazi halipi kila mwezi. Hulipa mara moja, akishauza. Nikatengeneza `MkopoWaKilimo`, na pale kwenye rejesho la mwezi nikarudisha sifuri. Ripoti ya bodi ilikuwa ikikadiria miezi iliyobaki kwa kugawanya deni kwa rejesho la mwezi. Ilipofika kwa mkulima wa kwanza ikagawanya kwa sifuri, ikakatika katikati, na wajumbe wameshakaa wanasubiri.

Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani hiyo, ya mwaka 2008, alikuwa ameshalieleza jambo hili tangu 1987: popote programu inapomtarajia mzazi, umpe mtoto yeyote na kazi iendelee bila kushtuka. Mtoto wangu wa kilimo alibeba jina la ukoo lakini ahadi za ukoo hakuziweza.

Nikaurudia mpango wote. Sasa `Mkopo` ni klasi moja tu, nayo inabeba kitu kingine ndani yake, `RatibaYaMarejesho`. Hiyo ni intafesi, yaani ahadi ya kujibu swali bila kusema jibu linapatikanaje, yenye swali moja: kufikia tarehe hii, mwanachama anatakiwa awe amelipa kiasi gani? Ratiba ya kila mwezi inajibu kivyake, ratiba ya mavuno inajibu kivyake. Riba nayo nikaitoa nje kwa mtindo uleule, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu zilipo. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ukikokotoa riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo, mwanachama analipa riba ya 144,000. Ukikokotoa asilimia moja kila mwezi juu ya deni lililobaki, huku deni lenyewe likipungua kwa 100,000 kila mwezi, riba yote inakuwa 78,000. Tofauti ni 66,000 kwa mtu mmoja. Kanuni ya namna hiyo haifai kufichwa ndani ya msururu wa "kama ni mkopo wa aina hii, fanya hivi". Inastahili klasi yake, jina lake na majaribio yake.

Aliyenifungua macho kuhusu intafesi ni Kiswahili chetu. Mtoto ameanguka, mti umeanguka, kiti kimeanguka, yai limeanguka. Tendo ni moja, na kila jina linaitikia kwa ngeli yake. Huhitaji kitenzi kipya kila linapoingia neno jipya. Nilipoliona hivyo nikaacha kuuliza mkopo huu ni wa aina gani. Nauagiza, unajibu.

Halafu tawi la Makambako likafunguliwa, na bodi ikataka kila kitu kiende kwenye wavuti. Nikagundua kwamba nusu ya hesabu zangu zimo ndani ya kitufe cha "Hifadhi" cha lile dirisha la mezani, na kivinjari hakina habari na kitufe hicho. Trygve Reenskaug, Mnorwe, alishafikiria kutenganisha data, mwonekano na udhibiti mwaka 1979 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC, Marekani. Mimi nilitumia wiki tatu kuchomoa hesabu mstari kwa mstari.

Nilipomaliza nikahamishia kwenye seva ya Tomcat, programu inayopokea maombi ya vivinjari na kuyapitisha kwenye programu za Java. Mazoea ya mezani nikayahamisha pia.

Kwenye kompyuta ya mezani, kila anayefungua programu anapata objekti zake. Kwa hiyo nilizoea kumweka mwanachama anayehudumiwa kwenye fildi ya klasi, yaani nafasi ya kutunza taarifa ndani ya objekti, nikiandika `this.mwanachama`, kisha metodi zote zinamkuta hapo. Kwenye seva mambo ni mengine. Tomcat huunda objekti moja ya sevuleti, klasi inayojibu maombi ya wavuti, na maombi ya watu wote hupita kwenye objekti hiyohiyo, kila ombi na thredi yake, yaani mkondo wake wa kazi unaokwenda sambamba na mingine. Fildi yangu ilikuwa daftari moja juu ya meza moja, na makarani wa miji miwili wanaandika humo bila kuonana. Mama aliandika jina la mwanachama wake. Kabla hajaandika kiasi, Makambako akafuta jina akaweka la mkulima. Elfu hamsini zikafuata jina lililokutwa.

Kwenye mashine yangu kosa halikutokea hata mara moja, maana nilikuwa nikijaribu peke yangu. Siku ya pili nikaweka usingizi wa sekunde tano, programu isimame kidogo, kati ya mstari wa kumchukua mwanachama na mstari wa kuhifadhi amana. Nikafungua vivinjari viwili, nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, nikasubiri. Fedha za A zikaingia kwa B mbele ya macho yangu. Mikono ilinitetemeka.

Kurekebisha kulichukua dakika chache: mwanachama akawa kigezo cha ndani ya metodi, kila ombi na chake, na fildi zilizobaki kwenye sevuleti zikawa `final`, yaani zikishawekwa hazibadilishwi tena. Kisha nikaenda kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ni huyu mmoja tu?"

Sikuwa na jibu. Tukatoa stakabadhi zote tangu siku tuliyohamia kwenye wavuti, wiki sita. Yeye anasoma namba, mimi natafuta kwenye hifadhidata, mpaka taa za mtaani zikawaka. Tukapata wengine wawili, elfu kumi na elfu thelathini na tano. Mama aliwapigia simu yeye mwenyewe, akaomba radhi kwa niaba ya chama. Jina langu hakulitaja.

Mwezi uliopita vijana wa bodaboda wameomba mkopo wa kulipwa kila wiki. Nimeandika `RatibaYaKilaWiki`, mistari arobaini hivi, na dirisha la zamani la mezani pamoja na ukurasa wa wavuti vimeipokea bila mimi kugusa klasi nyingine. Kinachonikosesha usingizi sasa ni Makambako. Mtandao ukikatika wanarudi kwenye programu ya mezani, wanapokea amana, na mtandao ukirudi kunakuwa na salio mbili za mtu mmoja. Nimeanza kuandika kila amana kama objekti isiyobadilika, yenye namba yake na saa yake, na salio linakokotolewa kutoka kwenye hizo. Bado sijaiweka kwenye seva. Mama amesema nisiiweke mpaka tuijaribu na stakabadhi zake za zile wiki sita.