Shavu langu la kulia bado limenuna

Chunusi ziliondoka mwaka jana, mabaka yakabaki, meusi kama masizi, mashavu yote mawili. Mama mdogo akasema nipake liwa. Nikapaka, nikanukia vizuri, basi. Ndipo nikaenda saluni moja hapa Dar (jina naliweka moyoni). Dada akanipiga mwanga kwa mashine ileile ya kuondolea nywele, bila hata kujaribu kidogo kwanza nyuma ya sikio. Alianza na shavu la kulia. Lilivyoniwaka, nikamkatalia la kushoto. Wiki mbili baadaye la kulia lilikuwa jeusi kuliko mwanzo.

Daktari wa ngozi alinieleza taratibu: melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, humeza mwanga na kuugeuza joto. Ngozi yangu imejaa melanini, kwa hiyo imeungua yote, si baka peke yake. Uvimbe mpya, weusi mpya. Leza ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake) huzama chini zaidi na melanini huimeza kidogo, ndiyo maana kwetu sisi weusi ina nafuu, ila nayo si ya kukimbilia. Akaniandikia krimu ya asidi ya azelaiki na losheni ya jua yenye rangi. Oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga unaoonekana kwa macho.

Huu mwezi wa nne. La kushoto limeanza kufifia.