Kitanda cha kichanga: kumbukumbu ya karakana ya uani

Wiki ya 29 ya mimba

Mchoro wa kwanza nimeuchana. Ulikuwa mzuri, siusemi vibaya: susu lenye miguu ya upinde, linabembea, ndani nimelizungushia sponji na kitambaa cha maua, na upande wa kichwani nimeuinua kidogo ili mtoto akicheua maziwa yasimrudie. Tulipokwenda kliniki niliutia mfukoni, nikamwonyesha nesi kwa majivuno ya mtu aliyejifunza kushika randa miaka mitatu tu iliyopita.

Akaomba kalamu yangu. Akaikata ile sponji ya pembeni. Akaukata mwinuko. Halafu akagonga miguu ya upinde kwa ncha ya kalamu: "Hiki kikilalia upande mtoto akiwa ndani, anaishia wapi?" Sikuwa na jibu. "Baba, mtengenezee meza yenye ukuta. Basi."

Sponji ya pembeni niliiweka ili asijigonge. Nesi akanieleza kwamba kichanga hana nguvu ya kujigonga mpaka aumie, lakini pua yake ikikutana na kitu laini hana nguvu ya kugeuza kichwa vilevile. Marekani wameipiga marufuku kuuzwa kwa sheria ya mwaka 2022, pamoja na vitanda vya vichanga vilivyoinuka zaidi ya nyuzi 10. Mwinuko nao una ubaya wake: kichwa cha mtoto ni kizito, shingo haijakaza, akilazwa mteremkoni kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa, ambayo ni nyembamba tayari, inabanwa. Kimyakimya. Hakuna kelele ya kukuamsha.

Kwa hiyo vipimo vipya: ndani urefu sentimita 80, upana 45, ukuta sentimita 28 kutoka sakafu ya mbao. Bapa. Hakibembei. Mbao ni paini ya Mafinga, za inchi mbili kwa mbili kwa ajili ya miguu na inchi moja kwa tatu kwa ajili ya fremu. Nilikuwa na kipande cha mninga nimekihifadhi kwa kazi ya maana, lakini mninga ni mzito na hiki kitanda kitahamishwa kila siku kati ya chumbani na sebuleni.

Wiki ya 31

Fremu imesimama. Nimepiga pimamaji pande zote, povu linakaa katikati, isipokuwa mguu mmoja wa nyuma uliokuwa mrefu kwa milimita mbili. Nimeupunguza kwa msasa, si kwa msumeno. Nimejifunza kwa stuli mbili zilizogeuka vigoda.

Kuta nilitaka ziwe za plaiwudi, rahisi na haraka. Mke wangu akaingiza mkono ndani ya boksi la majaribio saa nane mchana, akauacha humo kama dakika moja, akaniambia niuweke na mimi. Joto la Morogoro la mwezi huu linajulikana. Hewa ndani ilikuwa imetuama kama ya kabatini. Kumpasha joto mtoto kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini, kwa hiyo plaiwudi imerudi stoo na kuta zitakuwa za vibao vilivyosimama.

Hapa nina hadithi ya kopo. Fundi mmoja jirani aliniambia kipimo cha nafasi kati ya kibao na kibao ni kopo la soda: likipita, nafasi ni kubwa mno. Nikapanga vibao, nikajaribu na kopo, halikupita hata sehemu moja. Nikafurahi, nikainywa soda. Jioni, kwa wasiwasi tu, nikachukua futi: sentimita 6.3. Kopo lenyewe lina upana wa kama 6.6, ndiyo maana halikupita. Kipimo kinachotakiwa na sheria ya Marekani tangu miaka ya 1970 ni kisichozidi 6. Sababu yake inatisha ukiifikiria: mwili wa mtoto ni mwembamba kuliko kichwa chake, kwa hiyo miguu inapita, kiuno kinapita, halafu kichwa kinabaki ndani.

Nimeng'oa vibao 22. Nimevirudishia, na vingine vya kujazia, kwa nafasi ya sentimita 4.5, kwa kutumia kipande cha mbao nilichokikata kwa kipimo hicho hicho badala ya kupima kila mara. Matundu ya skrubu ya zamani nimeyaziba kwa vumbi la mbao na gundi. Ukiangalia kwa karibu unayaona. Usiangalie kwa karibu.

Wiki ya 32

Wiki ya kupoteza muda. Niliona picha za vitanda vinavyokaa ubavuni mwa kitanda cha mama, upande mmoja uko wazi, mama ananyoosha mkono tu. Nikapenda. Nikatoa ukuta mmoja, nikakifunga kwenye besela letu kwa mikanda ya begi.

Kikakaa vizuri kwa siku moja. Siku ya pili mke wangu aligeuka usingizini, godoro letu likasogea, na asubuhi kati ya magodoro mawili palikuwa na mfereji wa vidole vinne. Nikaingiza kiganja, kikazama mpaka kwenye kifundo. Wanaotengeneza vitu hivi kiwandani wana vishikizo vyao vya chuma na vipimo vyao. Mimi nina mikanda ya begi. Ukuta wa nne umerudi mahali pake, na kitanda kitasimama chenyewe, kimeguswa na kitanda chetu. Mama atanyanyua mkono juu ya ukuta. Hatakufa.

Wiki ya 34

Godoro. Dukani walinipa kipande cha sponji laini cha sentimita 10, wakakibonyeza mbele yangu: "Ona, kama wingu." Nikakinunua, kisha nyumbani nikafanya jaribio langu. Kilo mbili za unga na kilo moja ya sukari, nikavifunga pamoja kwenye khanga, kilo tatu kamili, uzito wa mtoto anayezaliwa. Nikauweka katikati. Godoro likashuka sentimita nne na kutengeneza bakuli, kingo zake zikauinukia mzigo pembeni. Nikawaza pua.

Nimerudi dukani kuomba sponji ngumu, ile ya msongamano mkubwa, unene wa sentimita 4. Muuzaji aliniangalia kama mtu anayemnyima mwanawe raha. Kilo tatu zilezile zinaacha alama ndogo, nayo inapotea ukiziondoa. Nimekikata kijae fremu kwa kubana. Kipimo nilichopewa ni kwamba vidole viwili visiingie kati ya godoro na ukuta. Changu hakiingii hata kimoja. Shuka ni moja, yenye lastiki, imevutwa.

Rangi sijapaka. Nilikuwa na kopo la rangi nyeupe ya mafuta, lakini mtoto atakuja kutafuna kile kibao cha juu, wote hutafuna, na sitaki kujiuliza kuna nini ndani ya rangi ile. Msasa namba 80, 120, 240, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha 240 tena. Nilivuta soksi ya nailoni juu ya kila kibao. Ilinasa sehemu tatu, nikazirudia.

Wiki ya 36

Mama mkwe amewasili kutoka Moshi na ndizi za mtori, na mfuko mkubwa. Ndani ya mfuko: mto mdogo wa kuzuia kichwa kisiwe bapa, mablanketi mawili ya manyoya, kofia tatu za sufu. Akazunguka kitanda mara mbili. Akakisifia, kweli alikisifia, akapapasa vibao. Kisha: "Sasa hapa mtoto analala kwenye ubao kama samaki wa kukaushwa?"

Huu ndio ugumu halisi wa mradi, na hauna msasa. Alilea watoto sita, wote kifudifudi au ubavu, wote wazima. Nami siwezi kumwambia mtu aliyelea sita kwamba alikosea, kwanza kwa sababu ya adabu, pili kwa sababu wakati ule hata hospitali Ulaya ziliwashauri wazazi vivyo hivyo. Uingereza waligeuza ushauri mwaka 1991, Marekani wakaanza kampeni yao mwaka 1994, na kwa kumlaza mtoto chali tu vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata.

"Na akicheua akiwa chali?" akauliza. Swali halali. Nikachukua mipira miwili ya maji, nikaishika sambamba: akilala chali, njia ya hewa iko juu, njia ya chakula iko chini. Maziwa yakirudi, yanabidi yapande ndipo yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi, hewa ndiyo iko chini, yanamiminikia. Aliitazama ile mipira muda mrefu. "Haya, baba. Lakini mtoto hulala na mamake."

Hapo nilimpa hadithi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Kwao nako mtoto hulala na mamake, na walipoambiwa waache hawakuacha. Mwaka 2006 wasusi wa vikapu na daktari mmoja wa kwao wakaja na kikapu kinachoitwa wahakura, kimesukwa kwa majani ya harakeke, mtoto analazwa ndani yake na kikapu kinawekwa kitandani pa wazazi. Yuko nao, lakini ana ukuta wake. Mama mkwe alikielewa kikapu haraka kuliko alivyoielewa mipira yangu. "Kumbe hata hiki ni tenga," akasema, akigonga vibao vyangu. Tangu hapo jina ni tenga. Mto ameuweka juu ya kabati bila kusema neno. Blanketi moja nimelikuta ndani ya tenga siku iliyofuata, limekunjwa vizuri. Nimelitoa. Kesho yake lilikuwepo.

Wiki ya 38

Chandarua. Kile tulichopewa kliniki kinafunika kitanda chetu, na tenga likisogezwa karibu linaingia chini yake, lakini pindo linaning'inia ndani ya vibao. Nimeongeza nguzo mbili nyembamba za kushikilia neti mbali na kuta, na pindo linachomekwa chini ya godoro letu, limevutwa. Kwa mchana sebuleni kuna kile cha mwamvuli.

Siku ya 9 baada ya kuzaliwa

Kilo 3.1. Jaribio langu la unga na sukari lilikosea kwa gramu 100.

Usiku wa kwanza nyumbani hakulitaka tenga. Akilala kifuani, ametulia. Akiguswa na shuka, macho wazi. Tumefanya zamu. Saa kumi alfajiri nilikuwa sebuleni, nimekaa kwenye sofa naye kifuani, nikashtuka shingo imepinda. Sijui nilisinzia kwa muda gani. Sofa ni mahali pabaya kuliko hata kitanda, lina mfereji kati ya mto na mgongo, na mimi niliyetoa mhadhara wa mipira ya maji ndiye niliyekuwa pale. Sasa sheria ni moja: anayesikia macho mazito anamwamsha mwenzake. Tumegundua pia kwamba mkono ukiachwa juu ya tumbo lake dakika mbili baada ya kumlaza, hafumbui macho. Ukuta wa sentimita 28 unaruhusu hilo bila kuumiza kwapa.

Wiki ya 6

Arobaini imekwisha, mama mkwe amerudi Moshi. Blanketi liko juu ya kabati, juu ya mto.

Wiki ya 15

Jana asubuhi, akiwa kifudifudi kwenye mkeka sebuleni, alisukuma mikono, kifua kikainuka, akatuangalia kama aliyesimama jukwaani. Tukapiga makofi. Halafu mke wangu akanigeukia: "Tenga."

Kweli. Akianza kusukuma mikono na kujigeuza, ukuta wangu mfupi haumtoshi tena. Kitanda kikubwa cha kuazima kimeshawekwa chumbani kwetu, upande uleule, maana tumekubaliana atalala chumba chetu mpaka miezi sita angalau. Nimepima nafasi za vibao vyake kabla hakijapita mlangoni: sentimita 5.

Tenga linakwenda kwa shemeji, mkewe yuko wiki ya 33. Nimeandika kwa penseli chini ya sakafu: chali, peke yake, bila mto, mwisho akisukuma mikono. Mguu wa nyuma, ule wa milimita mbili, umeanza kutikisika kwenye kiungo. Jumamosi naukaza kwa skrubu mbili mpya na gundi kabla hajaja kulichukua.