Wanafunzi 121 Walioelewa Kabla ya Somo

Tathmini ya somo, yaani ni wanafunzi wangapi wameelewa, nilikuwa naiandika usiku, kabla somo lenyewe halijafundishwa. Nalisema hili mapema ili anayetaka kunihukumu aanze sasa hivi.

Ilikuwa mwaka 2003, wilayani Maswa, wakati huo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga, nimekulia kwenye michungwa. Usukumani nilikuwa napasikia tu. Tulikaa chuo cha ualimu mwaka mmoja. Mwaka wa pili tukapelekwa mashuleni tufundishe huku tunajifunza, kwa sababu walimu hawakutosha na watoto walikuwa wamefurika. Ada ya shule za msingi ilishafutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulikuwa umeanza 2002, na kila mzazi aliyekuwa amembakiza mtoto nyumbani kwa kukosa ada alimleta. Wengine waliletwa wakiwa na miaka 7, wengine 13, wote wakaingia Darasa la Kwanza. Kwenye makaratasi sisi tuliitwa walimu wanafunzi. Kijijini waliniita mwalimu mbichi.

Darasa langu lilikuwa na watoto 143 na madawati 18. Wasiopata dawati walikalia matofali ya kuchoma, yale yale yaliyokuwa yakisubiri kujenga chumba kipya, na kila jioni nilitakiwa kuyarudisha kwenye tanuri lake nikiyahesabu. Kuita mahudhurio kwa haki, jina moja moja, mtoto aitike "nipo mwalimu", kunameza nusu ya kipindi, na kipindi ni dakika 30. Madaftari ndiyo usiseme. Ukiyapa dakika moja moja tu, 143 yanakula saa mbili na dakika 23. Nilikuwa nayasahihishia chini ya mkwaju uliokuwa mbele ya shule, na nikiinua kichwa nakuta jua limeshahama, kivuli kimenikimbia, na bado kuna lundo jingine.

Mwalimu mlezi wangu alikuwa mtu mwema. Alinikabidhi boksi la chaki akaniambia, "Ukikwama niite." Ila alikuwa na Darasa la Nne na la Sita peke yake, kwa hiyo kila nilipokwenda kumwita nilimkuta naye amekwama. Posho ya kujikimu ilichelewa miezi, nikawa naishi kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa daftari la mkopo la mwenye duka. Lugha nayo ilikuwa mlima. Watoto wengi walikutana na Kiswahili langoni mwa shule, mimi Kisukuma changu kilikuwa "mwangaluka" na "wabeja". Nikishasalimia na kushukuru, nimemaliza yote niliyonayo.

Sasa andalio la somo, yaani mpango wa kipindi ulioandikwa, ambao mstari wake wa chini kabisa ndiyo hiyo tathmini. Mwalimu mkuu alilisaini kila asubuhi kabla kengele haijagongwa, na bila saini yake huingii darasani. Hakupenda kuona nafasi wazi. Alisema nafasi wazi inaleta maswali. Nilipomlalamikia mwalimu wa Darasa la Tano, dada mmoja aliyekuwa kazini miaka mingi, alinicheka.

"Mdogo wangu, tathmini iandike usiku. Mchana huna nafasi hiyo. Na usiandike mia kwa mia, watajua unadanganya. Usiandike chini ya sabini, watakuita ofisini. Weka themanini na tano ulale."

Asilimia 85 ya 143 ni 121 na ushei. Ushei niliuacha. Kila usiku, koroboi ikinitoa makamasi meusi, niliandika: "Wanafunzi 121 wameelewa somo. Wasioelewa watapewa mazoezi ya ziada." Wakati mwingine niliandika hivyo kwa masomo matatu mfululizo, nikabadilisha kalamu ili isionekane ni mkono wa wakati mmoja.

Mkufunzi wetu alitarajiwa Alhamisi ya wiki ya mwisho ya Mei. Alifika Jumanne. Nilikuwa nagonga kengele, ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, nikaona baiskeli ya kukodi inaingia uwanjani na mama amekaa nyuma, kitenge kimemfunika kichwa chote kwa sababu ya vumbi. Alipokifunua moyo ulinidunda. Alikuwa mkufunzi wetu wa Kiswahili, mama wa makamo, Msukuma wa huko huko. Chuoni tulimwogopa kwa sababu alikuwa hapandishi sauti kamwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Una kipindi gani?"

"Kusoma, Mama. Silabi za ra."

"Ra? Huku kwetu?" Akatabasamu. "Haya, twende."

Kisukuma nilichokisikia mimi hakina r. Baiskeli ya Raleigh pale kijijini ni "Laleyi". Muhtasari, yaani mpango wa mambo ya kufundisha, haukujua hilo, na mimi nilikuwa nafuata muhtasari.

Mwalimu mkuu alitoka mbio na kiti chake cha ofisini. Mama alikishukuru kile kiti, akaenda zake nyuma ya darasa akakalia matofali katikati ya watoto. Watoto wakasimama, "Shikamoo mgeni wetu!" mpaka bati likatetemeka. Nikahesabu haraka haraka mahudhurio nijaze ile sehemu iliyokuwa imebaki: Wav 48, Was 61, Jml 109. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, na wakati wa pamba darasa hupungua; wavulana wengine walikuwa machungani. Nikampelekea andalio, nikarudi mbele.

Somo lenyewe naweza kulieleza kwa kifupi. Ubao wetu ulikuwa ukuta wa saruji uliopakwa unga mweusi wa betri za tochi zilizokwisha. Niliandika ra re ri ro ru kwa mwandiko wa chuoni, mzuri kabisa. Nikasema, "Ra!" Sauti 109 zikaniitikia, "La!" Nikasema, "Hapana. Rrra." Binti mmoja wa mbele aliutetemesha mdomo kama anaiga pikipiki, wenzake wakafurahi, wote wakawa pikipiki. Dakika 30 zikaisha tukiwa barabarani.

Mama akaniita kwa kidole. Andalio lilikuwa wazi magotini pake, na kidole kingine kilikuwa kimetulia kwenye mstari wa chini kabisa.

"Hapa umeandika wameelewa 121."

"Ndiyo, Mama."

"Waliopo?"

"109."

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepiga hesabu kweli.

"Hawa 12 wameelewa wakiwa wapi? Machungani?"

Nilitazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Nimetoka Tanga nako hakuniachi, nikawaza, na sijui kwa nini niliwaza hilo wakati ule.

Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio. Badala yake aliniuliza kama nina vihesabio. Ninavyo, nikasema. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa mbegu za ukwaju, zile nyeusi zinazong'aa, watoto waliniokotea wenyewe.

"Nihesabie 121."

Nikazihesabu mbele ya watoto nikimwaga kwenye kitenge chake, alichokitandika chini ya mkwaju. Akachukua vipande vitatu vya boksi, akaandika kwa mkaa: kula, kura, sura. Akanieleza utaratibu. Mtoto atakuja, ataulizwa maana, ataonyesha neno. Mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili vipande vinachanganywa. Akipata mara zote anachukua mbegu moja kwenye lundo la wale 121 wangu. Lundo likiisha, niliyoyaandika ni kweli.

Wa kwanza alikuwa yule binti wa pikipiki. Mama akamuuliza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili: lipi ni lile la kuchagua kiongozi wa darasa? Binti akaweka kidole kwenye kura, akasoma kwa sauti, "Kula!"

"Amekosa," nikasema.

"Ameweka kidole wapi?"

"Kwenye kura."

"Basi hajakosa. Ulimi ni wa mama yake. Leo tunapima macho." Akachanganya vipande.

Binti akapata tena. Akachukua mbegu yake, akaifumbata kiganjani, akaondoka anakimbia.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaona. Najua ni ajabu kusema hivyo juu ya watoto niliokuwa nao tangu Januari, lakini kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kusimama na mmoja mmoja kwa dakika nzima. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akileta uso hadi kipande kinamgusa pua. Kumbe alikuwa haoni vizuri, na miezi mitano nilikuwa nimemkalisha nyuma kwa sababu hana fujo. Kulikuwa na mapacha waliokuwa wakijibiana kwa macho. Kulikuwa na wengi, wengi mno, walioweka kidole popote na kunitazama mimi usoni badala ya kutazama neno, wakisubiri uso wangu uwaambie.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshachinjisha kuku. Mara ya kwanza alituma mtoto aje kusema chakula kiko tayari. Mara ya pili akatuma mwalimu. Mara ya tatu akaja mwenyewe, akasimama akitazama zile mbegu bila kuelewa, akaondoka. Darasa la Pili, waliokuwa wa zamu ya mchana, walifika wakatukuta bado, wakajipanga na wao kwenye foleni wakidhani zinagawiwa peremende.

Tulipomaliza, Mama aliniambia nihesabu zilizobaki kwenye kitenge. Nilizihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuamini. Zilikuwa 80. Zilizochukuliwa ni 41.

Akanipa kalamu nyekundu. "Futa mwenyewe."

Nikafuta 121. Nikaandika 41 kati ya 109. Akasaini chini yake kwa jina lake lote.

"Kesho unafundisha nini?"

"Azimio la kazi linasema sha she shi, Mama."

"Kesho unafundisha ra."

"Azimio litachelewa."

"Litachelewa," akakubali, akakung'uta kitenge, akaenda kula kuku aliyepoa.

Alipoondoka mwalimu mkuu aliniita ofisini, na hakufurahi. Wakati ule nilimwona mtu mbaya. Leo simwoni hivyo. Mratibu wa elimu wa kata alikuwa akizipanga shule zake kwa namba hizo hizo, na mratibu naye alikuwa na wa kupelekewa wilayani. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwandikia 85. Aliniambia tu, "Mwalimu, ungeiacha wazi." Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye hataki nafasi wazi. Hilo lilikuwa kosa la pili siku ile.

Sitawadanganya kwamba niliacha kabisa kuandika usiku. Siku za zamu, ukianza na kusimamia usafi wa vyoo alfajiri na kumaliza na matofali jioni, mkono wenyewe unaandika. Ila lile somo la ra nililibakiza wazi. Kila baada ya vipindi nilikaa chini ya mkwaju na vipande vyangu, na aliyetaka alikuja kujaribu tena. Zile mbegu 80 nilizitenga kwenye mfuko wa karatasi. Kila zilipopungua niliandika namba mpya kwenye andalio lile lile, kwenye nafasi iliyobaki chini ya saini ya Mama: 44. 49. 53. 57. Nikagundua pia kwamba wengine hawazitunzi. Wanazikaanga nyumbani na kuzitafuna, kisha wanakuja wakidai wamepoteza.

Mmoja wa wale ambao hawakuwepo Jumanne ile alikuwa mvulana wa miaka 13, mrefu kuzidi mimi kidogo, ambaye wenzake wa Darasa la Kwanza walimwita Babu. Alichunga kwa zamu na kaka yake, leo huyu shuleni, kesho yule. Ijumaa alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Ng'walimu, mbegu yangu."

"Mpaka uonyeshe neno."

Hakuweza. Hakusema kitu, akarudi kwenye tofali lake. Lakini jioni, ng'ombe wakipita karibu na shule kurudi zizini, alimwachia mdogo wake kundi, akaegemeza fimbo ukutani, akakaa. Alifanya hivyo siku nne. Nilimwekea kura na kula kandokando, nikamfuatishia kile kimstari cha r kwa kidole chake kwenye vumbi, halafu kile kirefu cha l. Akaniambia kwa Kiswahili cha kutafuta kwamba l ni fimbo iliyosimama na r ni fimbo iliyovunjika. Chuoni hawakunifundisha hiyo. Kesho yake niliifundisha darasa zima, na kwenye andalio sikuandika nimeitoa wapi.

Jioni ya tano akapata mara mbili. "Kula," akasema, kidole juu ya kura, akinitazama kama mtu anayedai mshahara wake. Nikampa mbegu. Hakuitafuna, aliifunga kwenye pindo la shuka lake, akachukua fimbo, akawafuata ng'ombe.

Usiku nikaandika 58 chini ya saini ya Mama. Jumatatu mwalimu mkuu alifungua andalio langu ili asaini la siku hiyo, kurasa zikajifungua pale pale. Aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kuandika chini ya saini ya mkufunzi, na kwa nini somo moja lina tathmini sita.